Uliza Ujibiwe: Cherehani, mtoto anayenyonya na zamu za wodini

Mwezi huu tumepokea barua tatu zinazogusa jambo moja, nalo ni namna ya kusomea uuguzi huku una nyumba, una watoto, na una kazi ya mikono au ya kalamu ambayo moyo wako haukubali kuiacha. Anayejibu ni muuguzi mkunga mstaafu aliyewahi kufundisha chuoni.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa, ninaishi Tanga, na ninasoma stashahada ya uuguzi na ukunga. Nimemaliza mwaka wa kwanza na sasa ninaingia wa pili. Nina watoto wawili: wa kiume yuko darasa la kwanza, na wa kike ana miezi minane na bado ananyonya. Mume wangu ni fundi umeme anayefuata kazi mikoani, kwa hiyo wiki nyingine yupo na nyingine hayupo, na ninayeshinda naye nyumbani ni mama mkwe wangu. Tangu kabla sijaanza chuo nimekuwa nikishona magauni na kudarizi mashuka, na fedha ya cherehani ndiyo inayolipa sehemu ya ada yangu. Muhula uliopita nilishona sare za kicheni pati usiku wa kuamkia mtihani, nikaingia kwenye mtihani macho mekundu, nikafaulu kwa kuponea chupuchupu. Mwalimu mmoja aliniambia waziwazi kwamba mtu hawezi kuwa muuguzi na fundi wa nguo kwa wakati mmoja, nichague. Mwaka huu tunaanza zamu za usiku. Sitaki kuacha chuo, sitaki mtoto aache ziwa kabla ya wakati wake, na kusema kweli nikikaa muda mrefu bila kushika sindano najiona kama mgonjwa. Nifanyeje?

*Mama wa Wawili, Tanga*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako ana haki ya kuhofia saa zako, lakini sikubaliani naye kwamba lazima uchague. Soma tena barua yako mwenyewe: kilichokuharibia mtihani ni tarehe ya kicheni pati, wala si cherehani. Gauni la sherehe lina siku yake, mwenye sherehe hawezi kuisogeza, na wewe huwezi kusogeza mtihani. Hapo ndipo mlipogongana. Shuka la kudarizi halina siku. Likikaa wiki tatu ndani ya kikapu halimkosei mtu, na likiisha linauzwa kwa yeyote anayelitaka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kwa muda wote uliobaki chuoni, acha oda zenye tarehe na ubaki na kazi zisizo na tarehe. Magauni, sare za harusi na nguo za Idd mpelekee fundi mwenzako unayemwamini, mkubaliane akupe kitu kidogo kwa kila mteja unayemletea, nawe ubaki na mashuka, foronya na vitambaa vya makochi. Ndiyo, kipato kitapungua, na silichukulii jambo hilo kwa wepesi, maana ada haisubiri. Nenda kwa mhasibu wa chuo mapema kabla muhula haujaanza, umweleze hali yako, kwa sababu vyuo vingi huruhusu ada ilipwe kwa awamu, na mwanafunzi aliyekuja kuzungumza kabla ya kudaiwa husikilizwa kwa namna tofauti na yule aliyefuatwa darasani. Magauni, ukiyataka sana, yawekee likizo tu.

Sababu ya kuwa mkali juu ya tarehe ni kwamba katika masomo yako kuna kitu kimoja kisichoweza kufidiwa usiku ukiwa nyumbani. Somo la nadharia likikupita, utaazima daftari la mwenzako. Zamu ya wodini ikikupita, hakuna daftari la kuazima: mama aliyejifungua saa hiyo amekwisha kujifungua, na kidonda kilichosafishwa kimekwisha kusafishwa. Kile kitabu cha mazoezi ya vitendo, ambamo msimamizi hutia saini kila unapotekeleza jambo mbele yake, hujazwa polepole sana na mwanafunzi anayefika amechoka na kujificha nyuma ya wenzake. Ukipata ratiba ya zamu, ichukue kuwa ndiyo mwenye nyumba; watoto, mapishi, kudarizi na kusoma vyote vipangwe baada ya kuitazama. Ibandike jikoni mahali ambapo mama mkwe na mumeo wanaiona, na uweke alama kwenye wiki za usiku na wiki za mitihani.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda hakuna aliyekuambia, nalo linahusu vidole vyako. Fundi wa nguo hujichoma sindano mara kwa mara na halioni hilo kuwa jambo, lakini tundu dogo kwenye ngozi ni mlango, na wodini kuna damu na majimaji ya mwili. Kabla ya zamu kagua mikono yako kwenye mwanga. Palipochomeka pafunike kwa plasta isiyopitisha maji, kisha uvae glavu kila unapotazamia kugusa damu, bila kuona haya. Unapodarizi vaa subana, ile kofia ndogo ya chuma ya kidole, na siku ya kuamkia zamu weka sindano chini. Hakikisha pia umepata chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo hutolewa kwa dozi 3: ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, na ya tatu inapotimia miezi 6. Dozi moja peke yake isikupe moyo. Na ikitokea umechomwa na sindano ya mgonjwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue kidole, toa taarifa papo hapo kwa kiongozi wa wodi. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo na zisipite saa 72, kisha humezwa kwa siku 28. Wewe unayenyonyesha una sababu mbili za kutonyamaza.

Tuje kwa mtoto. Miezi minane ni umri mzuri kwako, kwa sababu maziwa si chakula chake pekee tena. Anakula uji na vyakula vilivyopondwa mara mbili au tatu kwa siku, na akitimiza miezi tisa anaongezewa. Mnyonyeshe kabla ya kutoka na mara tu unaporudi baada ya kuoga na kubadili sare, na usiku mwache anyonye atakavyo siku ambazo huna zamu. Maziwa ya kumwachia yakamue kwa mikono safi kwenye chombo safi chenye kifuniko. Katika joto lisilozidi nyuzi 25 hukaa kwa muda usiozidi saa 4, lakini Tanga unaijua: mchana joto hupita hapo, kwa hiyo yasikae nje muda wote huo. Kwenye jokofu hukaa hadi siku 4, yawekwe ndani kabisa na si kwenye mlango. Mama mkwe amnyweshe kwa kikombe na kijiko, kwani chupa ni ngumu kusafisha, na yanayobaki kikombeni asiyarudishe. Ukiwa wodini, maziwa yakijaa hadi yanauma, omba dakika chache uyakamue. Ukiyaacha yakae, utapata homa na uvimbe, na zamu utaikosa kwa ugonjwa. Zile saa 2 kwa siku ambazo sheria ya kazi inampa mfanyakazi anayenyonyesha zinamhusu mwajiriwa, na mwanafunzi hana hakika ya kuzipata kwa sheria hiyo, kwa hiyo mazungumzo ya heshima na msimamizi wako, yafanyike siku ya kwanza ya mzunguko wa wodi, ndiyo njia yako.

Zamu za usiku zina hatari ambayo wanafunzi huidharau. Mtu aliyekesha hajijui kuwa amechoka. Chai ya rangi au kahawa inywe mwanzoni mwa zamu tu, maana baada ya muda wa saa 5 hivi karibu nusu ya kile kinachokuamsha ingali mwilini, na ukiinywa alfajiri utafika nyumbani huwezi kulala. Zamu ikiisha saa 2 asubuhi, nyonyesha, kula kidogo, kisha lala kwenye chumba chenye giza hadi saa 8 mchana, mtoto akiwa mikononi mwa bibi yake. Usijaribu kulala naye kwenye kochi huku umemkumbatia. Usingizi wa mtu aliyetoka zamu ni mzito, na watoto wachanga wamewahi kubanwa wakakosa pumzi kwa namna hiyo. Usiguse pasi ya mkaa wala cherehani siku hiyo. Nawaona wengine wakijisifu kwamba walitoka zamu wakapitiliza sokoni, wakafua, wakapika pilau. Sina la kuwapongeza.

Kuhusu kusoma, naamini unapoteza saa nyingi kwa kurudia kusoma daftari lilelile. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokikumbuka, kisha fungua uone ulichokosa. Robo saa ya namna hii ina faida kuliko saa nzima ya kupitisha macho. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, kwa mfano, usiisome: ichore kwa kumbukumbu, uweke mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa na uchunguzi wa mlango wa kizazi kila saa 4, mpaka mkono wako wenyewe ukijua mstari unakwenda wapi. Hesabu za dawa zibandike juu ya karo la vyombo, moja kila siku. Lita moja ya maji ya dripu iishe kwa saa 8, na mpira unatoa matone 20 kwa kila mililita: zidisha 1,000 kwa 20, gawanya kwa dakika 480, upate karibu matone 42 kwa dakika. Fundi aliyezoea kupiga hesabu ya mita za kitambaa bila kupoteza hata shibiri haogopi hesabu kama hiyo.

Tena unaye wa kujifunzia ndani ya nyumba. Mwanao wa kiume ukimshika kiganja jioni na kuhesabu mapigo yake kwa dakika nzima, kisha ukajihesabia ya kwako, utaelewa bila kukariri kwa nini vipimo vya mtoto na vya mtu mzima havisomwi kwa kipimo kimoja, na yeye atafurahi kuwa mgonjwa wako. Binti akiwa amelala, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima: kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi kwa dakika huhesabiwa kuwa za haraka, na kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi. Kadi yake ya kliniki nayo ina ratiba yote ya chanjo utakayoulizwa kwenye mtihani: BCG, yaani ya kifua kikuu, na matone ya polio alipozaliwa, zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua na rubela anayoingojea akitimiza miezi 9, ambayo hurudiwa akiwa na miezi 18. Siku utakayompeleka, peleka na masikio ya mwanafunzi.

Limebaki la mama mkwe. Umemtaja kwa maneno machache, nami nahisi unamwomba msaada vipandevipande: shika mtoto kidogo, angalia chungu kidogo. Mwanamke wa umri wake akiombwa vipande hujiona mtumwa wa nyumba, lakini akikabidhiwa jambo zima hujiona mwenye nyumba. Mkabidhi asubuhi ya mtoto, tangu kuamka hadi saa 8 mchana, katika wiki za zamu za usiku, na uji aupike kwa namna yake hata kama si namna yako, ilimradi ni mzito wa kutosha, una mafuta kidogo au karanga, na mikono imenawa. Jumamosi moja umwache apumzike kabisa, aende msibani au kwa ndugu zake bila mtoto mgongoni. Mumeo akiwa nyumbani, jioni ya mwanao mkubwa iwe yake: madaftari, kuoga, kulala. Nawe jioni hiyo, saa moja tu, chukua kikapu chako ukae barazani udarizi. Usiifanye kuwa zawadi ya siku uliyomaliza kazi zote, kwa sababu siku hiyo haiji. Iweke kwenye ratiba ya jikoni kama zilivyowekwa zamu.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Dodoma. Mke wangu yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi, tuna watoto watatu, na mwishoni mwa wiki yeye huchora hina kwa maharusi. Kila nikimuuliza nimsaidie nini ananijibu, "Wewe pumzika tu," halafu usiku amenuna. Nimwambie aache hina hadi amalize?

*Mume wa Muuguzi Mtarajiwa*

JIBU

Marahaba, mwalimu. Usimwambie aache, na usimuulize tena akusaidie kufikiri. Kumuuliza nikusaidie nini ni kumwongezea kazi ya kupanga, ambayo ndiyo inayomchosha kuliko kufua. Chagua mambo mawili uyachukue moja kwa moja, pamoja na kukumbuka kwake: kwa mfano sare za shule tangu kufuliwa hadi kupigwa pasi Jumapili, na chakula cha usiku siku nne za wiki. Sabuni ikiisha ujue wewe, mchele ukiisha ujue wewe.

Fahamu pia kwamba mzigo hauishi siku ya mtihani wa mwisho wa chuo. Mbele yake kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kabla ya kupata usajili na leseni ya kufanya kazi, na hapo wengi huachwa peke yao kwa sababu nyumba nzima inaona amekwisha kuhitimu. Panga tangu sasa utakavyomwachia nafasi kipindi hicho.

Hina ya majani haina ubaya na haimzuii kunawa mikono wodini. Ninachokuomba umwambie ni kuhusu piko nyeusi ya dukani: nyingi huwa na kemikali za rangi ya nywele zinazoweza kuunguza ngozi vibaya na kuacha makovu, na muuguzi hapaswi kumpaka bibi harusi kitu ambacho kesho yake atamtibia.

SWALI

Mama, shikamoo. Nina miaka 23, ninalea mtoto wangu wa miaka minne nikiwa peke yangu, na ninasoma uuguzi huku nyanda za juu kusini. Naandika hadithi fupi na mashairi kwenye simu, hasa nikiwa kwenye daladala. Wodini naona mambo mazito, na kalamu inaniwasha. Je, ninaweza kuyaandika? Na muda wa kuandika nitautoa wapi?

*Mtunzi Mchanga*

JIBU

Marahaba, binti yangu. Muda tayari unao, ndani ya daladala, na kwa mama anayelea peke yake hilo si jambo dogo. Usilazimishe kuandika usiku mtoto akilala. Huo usiku uwe wa daftari la masomo na usingizi. Mistari michache ya njiani, kila siku ya kwenda na kurudi, inatosha kukupa hadithi moja kwa muhula.

Swali lako la kwanza ndilo zito. Siri ya mgonjwa hailindwi kwa kuficha jina peke yake. Ukiandika habari ya mama aliyejifungua mapacha wiki ya mvua kubwa na mmoja akafariki, katika mji mdogo wenye hospitali moja, kila mtu anajua unamsema nani, na yeye mwenyewe atajikuta anasimuliwa na mtu aliyemvua nguo akampima. Maadili ya kazi yako yanakutaka uyatunze uliyoyaona na kuyasikia kwa sababu ya kazi, na mwanafunzi hana ruhusa zaidi ya muuguzi mwenye leseni. Kuna wanafunzi wanaodhani kwamba hadithi ikiitwa ya kubuni basi wamepona. Hawajapona.

Andika juu yako: miguu iliyouma, woga wa mara ya kwanza kumshika mtoto aliyezaliwa sasa hivi, harufu ya dawa ya kuua vijidudu iliyobaki kwenye sare, mwanao alivyokuuliza kwa nini unanuka hospitali. Hayo ni yako, hakuna wa kukudai. Kisa cha mgonjwa kikikukaa rohoni kiasi cha kukukosesha usingizi, kiseme kwa msimamizi wako au kwa mshauri wa chuo mkiwa faraghani, kwa sababu huenda unachohitaji ni kusikilizwa zaidi ya kusomwa. Ikibidi kukiandika siku moja, kiache miaka ipite, badilisha umri, mahali, ugonjwa na mwisho wake, mpaka ndugu wa mgonjwa yule akikisoma asimwone mtu wake. Picha za wodini, za faili au za ubao wenye majina ya wagonjwa zisiingie kwenye simu hiyo hata kwa dakika moja, maana mtoto wa miaka minne anajua kubonyeza kitufe cha kutuma.